Nani Aanze? Ubishi wa Vikosi Kati ya Riyadh na Jeddah

Al-Sulay haionekani kwenye picha za kuitangaza Riyadh kwa watalii. Ni upande wa maghala, kusini-mashariki mwa jiji: malori, gereji, vibarua wa kupakia na kupakua, na vibanda vya chakula vya watu waliotoka mbali kutafuta riziki. Huko Mganda, Mkenya, Msudani na Myemeni wanaweza kukaa meza moja wakielewana kwa Kiarabu cha kuungaunga tu, lakini siku Al-Hilal inapokutana na Al-Nassr hakuna anayekosa la kusema. Na ubishi hausubiri filimbi. Unaanza pale kikosi kinapotangazwa: kwa nini huyu yuko benchi, yule kaanzaje, na hasa, nani kaamua?

Swali hilo la mwisho lina historia ndefu kuliko ligi yenyewe. Kalamu ya kuandika kikosi katika soka la Saudi Arabia imepita mikononi mwa wafanyabiashara, wana wa ukoo wa kifalme, shirikisho, makocha wa kigeni, na sasa mfuko wa uwekezaji wa taifa. Shabiki hajawahi kuishika. Alichobaki nacho ni ulimi, na ameutumia vilivyo.

Jeddah ndiyo iliyotangulia. Mji wa bandari, mlango wa mahujaji, ulikuwa na mpira mapema kuliko miji ya bara. Al-Ittihad ilianzishwa mwaka 1927, wakati nchi yenyewe ilikuwa bado haijapewa jina la Saudi Arabia. Jina hilo lilikuja 1932. Al-Ahli ikafuata mwaka 1937. Msomaji wa Dar es Salaam ataona kitu anachokifahamu hapo, maana Yanga ni ya 1935 na Simba ni ya 1936. Bandari mbili, kila moja na watani wake wa jadi, karibu wakati mmoja.

Riyadh ilichelewa, kisha ikaja kwa ugomvi. Al-Shabab ilizaliwa mwaka 1947, na mmoja wa watu waliokuwa nguzo zake alikuwa Abdulrahman bin Saeed. Akakorofishana na wenzake, akatoka, na Oktoba 1957 akaanzisha klabu yake aliyoiita Olimpiki. Mwaka uliofuata Mfalme Saud akaibadilisha jina, ikawa Al-Hilal. Al-Nassr ilikuwa tayari ipo tangu 1955, na baadaye ikaongozwa kwa miaka mingi na mwana wa ukoo wa kifalme, Abdulrahman bin Saud, aliyefariki mwaka 2004. Kwa hiyo timu yenye makombe mengi kuliko zote nchini ni zao la watu walioshindwa kukubaliana ndani ya klabu. Wanaodhani ubishi huharibu mpira wangeanza kwa kuisoma historia hiyo.

Ligi ya taifa ilianza msimu wa 1976/77, na Al-Hilal ikawa bingwa wa kwanza. (Wapenzi wa Simba wanaukumbuka mwaka 1977 kwa sababu nyingine: mabao sita kwa bila dhidi ya Yanga.) Mwaka 1978 Al-Hilal ikamleta Rivellino, kiungo wa Brazil aliyetwaa Kombe la Dunia mwaka 1970. Jeddah haikukubali kuachwa nyuma. Al-Ahli ilimchukua Tarak Dhiab wa Tunisia, aliyekuwa mwanasoka bora wa Afrika mwaka 1977, na benchi lake likakabidhiwa Didi, Mbrazili mwingine mwenye jina kubwa. Hapo vijiwe vya Riyadh na Jeddah vikapata mada ambayo haijaisha mpaka leo: mgeni mmoja maarufu anastahili kuchukua nafasi ya kijana wa mtaani?

Wakubwa walijibu kwa njia yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mlango ukafungwa kwa wachezaji wa kigeni, na haukufunguliwa tena hadi miaka ya 1990. Katikati ya kipindi hicho Saudi Arabia ilitwaa Kombe la Asia mara mbili mfululizo, 1984 na 1988, na wanaopinga wageni hawajaacha kulitaja hilo. Wenzao hujibu kwamba kizazi kile kingeshinda hata wageni wangekuwepo, kwa kuwa kilikuwa na Majed Abdullah.

Majed, mzaliwa wa Jeddah aliyekuwa mfalme wa Al-Nassr, ndiye aliyewagawa watu wa Riyadh kuliko mshambuliaji yeyote kabla yake. Upande wa Al-Hilal walikuwa na Youssef Al-Thunayan, fundi wa mpira ambaye mashabiki wake hawakubali alinganishwe na mtu. Ikaja 1994, Saudi Arabia ikafuzu Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Majed, akiwa na miaka 34, alikwenda Marekani. Al-Thunayan hakuwemo. Timu ikafika hatua ya 16 bora na Saeed Al-Owairan wa Al-Shabab akaifunga Ubelgiji bao la kukimbia nusu ya uwanja, lakini mashabiki wa Al-Hilal hawakuridhika hata hivyo. Miaka minne baadaye nchini Ufaransa, Al-Thunayan alikuwemo. Kocha wa Saudi Arabia, Carlos Alberto Parreira, aliyeipa Brazil kombe mwaka 1994, kibarua chake kiliota nyasi baada ya mechi mbili tu, moja ikiwa kipigo cha 4-0 kutoka kwa wenyeji. Mechi ya tatu ikaongozwa na kocha mzawa, Mohammed Al-Kharashy, ikaisha sare ya 2-2 na Afrika Kusini, na mmoja wa wafungaji kwa penalti akawa Al-Thunayan. Kumfukuza kocha katikati ya Kombe la Dunia ni jambo ambalo hata wazee wa klabu za Kariakoo wangelifikiria mara mbili.

Lakini kwa ubishi wa kikosi, hakuna kisa kinachofikia cha Mohammed Noor.

Noor ni mzaliwa wa Makka aliyekulia Al-Ittihad hadi akawa nahodha na roho ya timu. Mwaka 2004 Al-Ittihad ilicheza fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Asia dhidi ya Seongnam ya Korea Kusini, ikafungwa 3-1 nyumbani Jeddah. Wengi waliona kombe limekwenda. Kwenye marudiano ugenini, Al-Ittihad ikampiga mwenyeji mkono, 5-0, na Noor akiwa miongoni mwa wafungaji. Mwaka 2005 wakalitetea kombe lao. Mtu wa namna hiyo Jeddah haandikwi kwenye kikosi. Kikosi kinaandikwa kumzunguka yeye.

Sasa mwaka 2013 umri ulikuwa umesogea na klabu inayumba. Kocha Mhispania, Raúl Caneda, akaamua kuwaweka pembeni wakongwe na kuwapa vijana timu, na miongoni mwa waliotupwa nje alikuwa Noor mwenyewe. Mji ukawaka. Caneda hakumaliza msimu. Nafasi yake ikashikwa na msaidizi wake, Beñat San José, aliyeendelea na vijana walewale. Mwezi Mei wakatwaa Kombe la Mfalme kwa kuifunga Al-Shabab 4-2 fainali. Waliosema wazee waondoke wakawa na hoja iliyokamilika, kombe likiwa mezani.

Furaha yao haikufika mwaka. Noor alivuka kwenda Riyadh, akavaa jezi ya Al-Nassr, timu ambayo haikuwa imetwaa ligi tangu 1995. Nahodha aliyemkuta huko, Hussein Abdulghani, naye alikuwa mkongwe wa Jeddah, wa Al-Ahli. Februari 2014 Al-Nassr ikaifunga Al-Hilal 2-1 katika fainali ya Kombe la Mwana Mfalme, na msimu ulipoisha ubingwa wa ligi ukawa wake pia. Wale wazee wawili wa mahasimu wa Jeddah wakasherehekea pamoja Riyadh. Kila upande ukawa na ushahidi wake, na kila ushahidi ulikuwa kombe. Ukiwauliza watu wa Al-Ittihad leo kama Noor aliachwa kwa haki, utapata majibu mawili yenye uzito uleule, na pengine kutoka kwa mtu mmoja.

Riyadh nayo haikukosa vijembe vyake vya aina nyingine. Januari 2000 Al-Nassr ilishiriki mashindano ya kwanza ya dunia ya klabu ya FIFA huko Brazil, ikafungwa na Real Madrid 3-1 lakini ikaifunga Raja Casablanca 4-3. Tangu hapo inajiita Al-Alami, timu ya kimataifa. Al-Hilal nayo ilikuwa na nafasi yake ya kwenda Hispania mwaka 2001, na mashindano yakafutwa. Huhitaji kuwa Mwarabu kuona jinsi jambo hilo lilivyotumika kwenye utani.

Kwa miaka mingi sheria iliwaruhusu wageni wacheze ndani ya uwanja lakini si golini. Golini palikuwa shamba la wazawa. Zuio lilipoondolewa mwaka 2017, aliyekuwa wa kwanza kuingia katika ligi kuu ni Essam El-Hadary wa Misri, aliyesajiliwa na Al-Taawoun ya Buraida akiwa na miaka 44. Mwaka uliofuata, kwenye Kombe la Dunia nchini Urusi, mzee huyo akaidakia Misri dhidi ya nchi iliyokuwa ikimlipa mshahara, akaokoa penalti ya Fahad Al-Muwallad wa Al-Ittihad, na kuweka rekodi ya mchezaji mwenye umri mkubwa zaidi katika mashindano hayo. Saudi Arabia ilishinda 2-1, lakini penalti ile haikusahaulika.

Baada ya El-Hadary mlango haukufungwa tena. Leo Al-Hilal ina Yassine Bounou wa Morocco na Al-Ahli ina Édouard Mendy wa Senegal. Gharama yake inaonekana kwa kipa mzawa, Mohammed Al-Owais wa Al-Hilal. Tarehe 22 Novemba 2022 ndiye aliyeizuia Argentina ya Messi katika ushindi wa 2-1 wa Kombe la Dunia kule Lusail, Qatar. Siku hiyo kocha Hervé Renard alianza na wachezaji tisa wa Al-Hilal kati ya kumi na mmoja, na wafungaji wote wawili, Saleh Al-Shehri na Salem Al-Dawsari, walikuwa wa klabu hiyo. Mashabiki wa Al-Nassr walishangilia nchi yao huku wakimeza mate machungu. Bounou alipofika Agosti 2023, Al-Owais akahamia benchi.

Ndicho kilichomkera Roberto Mancini alipoichukua timu ya taifa: alilalamika waziwazi kwamba wachezaji wake hawachezi kwenye klabu zao. Lakini naye alikuwa na ubishi wake. Kabla ya Kombe la Asia la Januari 2024 aliwaacha Salman Al-Faraj, aliyekuwa nahodha siku ya Argentina, Sultan Al-Ghannam na kipa Nawaf Al-Aqidi, akidai hawakuwa tayari kuitumikia timu kwa masharti yake. Wachezaji wakajibu hadharani. Saudi Arabia ikatolewa kwa penalti na Korea Kusini, na Mancini akaonekana akiondoka uwanjani kabla ya penalti kuisha. Oktoba mwaka huo kazi ikamwisha.

Waafrika Mashariki hawakubaki watazamaji tu. Cédric Amissi wa Burundi alikuwemo kwenye Al-Taawoun ya mwaka 2019, ile iliyoipiga Al-Hilal mkono kwenye nusu fainali ya Kombe la Mfalme na kisha kuifunga Al-Ittihad 2-1 fainali. Simon Msuva, kipenzi wa zamani wa Yanga, alikwenda Al-Qadsiah ya Khobar mwaka 2022, timu ikiwa daraja la pili. Tanzania nako idadi ya mapro, yaani wachezaji wa kigeni, imepandishwa na kushushwa mara kadhaa, kwa hoja zilezile zinazosikika Riyadh.

Juni 2023 mfuko wa uwekezaji wa taifa ulichukua asilimia 75 ya Al-Hilal, Al-Nassr, Al-Ittihad na Al-Ahli. Mahasimu wanne wakawa na mwenye mali mmoja. Cristiano Ronaldo alikuwa ameshatua Al-Nassr Desemba 2022. Karim Benzema akaenda Al-Ittihad, Neymar akaenda Al-Hilal. Tangu hapo shabiki akiona mtani kasajili nyota, hoja yake ya kwanza ni kwa nini mwenye mali hakumleta kwetu. Kelele zaidi zilitoka upande wa Al-Nassr, hasa baada ya msimu wa 2023/24, Al-Hilal ilipotwaa ligi bila kufungwa, kwa pointi 96, kisha ikalichukua na Kombe la Mfalme kwa penalti mbele ya Ronaldo aliyeondoka akilia.

Fedha hazikufuta hesabu ya nafasi za wageni. Msimu wa 2024/25 kila timu iliruhusiwa kumi, wawili kati yao wakiwa vijana waliozaliwa 2003 au baadaye. Neymar, aliyeumia goti Oktoba 2023 na kucheza mechi saba tu kwa jumla, hakuandikishwa na kocha Jorge Jesus kwa nusu ya pili ya ligi. Januari 2025 mkataba ukavunjwa. Wachache walibisha.

Al-Ahli ilifanya hesabu kama hiyo kwa Roberto Firmino. Timu hiyo iliyoshuka daraja Juni 2022, jambo ambalo watu wa Al-Ittihad hawakuacha kulikumbusha, ilihitaji nafasi kwa ajili ya mchezaji mpya, Galeno, kwenye dirisha dogo la 2025. Ikamtoa Firmino kwenye orodha ya ligi na kumbakiza kwenye ile ya Asia tu. Vijiwe vya Jeddah vikauliza mshambuliaji wa kucheza mechi za Asia peke yake ana faida gani. Tarehe 3 Mei 2025, nyumbani Jeddah, Al-Ahli ikaifunga Kawasaki Frontale ya Japani 2-0 na kutwaa ubingwa wa Asia kwa mara ya kwanza. Bao la kwanza lilifungwa na Galeno, la pili na Franck Kessié, na pasi zote mbili zilitoka kwa Firmino. Alichaguliwa mchezaji bora wa mashindano, kisha timu ikarudi kwenye mechi za ligi, ambako jina lake lilikuwa bado limefutwa.