Wimbo wa Madai na Mfuko wa Mchango

Mtu asiyekuwa na kiti barazani hakukosa njia ya kusema, aliimba. Neno ambalo lingemtia hatiani kama angalilisema peke yake lilipata kinga lilipotangulizwa na mwimbishaji na kuitikiwa na umati. Hayo yanajulikana. Linalosahauliwa mara nyingi ni kuwa penye kiitikio palikuwa pia na mfuko. Watu waliozoea kuitikia pamoja walizoea kuchanga pamoja, na kwa mazoea hayo mawili harakati ya uhuru wa Tanganyika ilipata miguu ya kusimamia.

Katika nchi iliyo mashariki ya Ziwa Viktoria, tangu Murangi ya Majita ufukweni mpaka Butiama ya Wazanaki bara, mikondo miwili ya uimbaji ilikutana. Wa kwanza ni wa kale: nyimbo za kulima, za harusi na za msiba, ambazo mmoja huzitanguliza na wengine humfuata. Wa pili uliletwa na misheni. Wamenoni, kwa mfano, walifungua kituo cha Shirati mwaka 1934. Na kwaya za makanisa na shule zikafundisha sauti mbalimbali kupatana. Upande wa kusini, Usukumani, serikali ya Kiingereza iliyanyima matawi ya TANU ruhusa tangu 1954 hadi 1958. Mkutano uliweza kuzuiwa kwa kunyimwa cheti. Wimbo wa wenye majembe shambani haukuzuilika kwa wepesi huo.

Machi 1955 Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, aliacha ualimu Pugu akarudi kwao kwa muda. Mwaka ule ule, huko Dar es Salaam, kazi kubwa ya chama chake ilishikwa na watu ambao wengi wao hawakupitia shule. Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa 1926, alikuwa mwimbishaji wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Alipotakiwa kuwaingiza wanawake katika TANU, aliwaendea viongozi wa vikundi vya lelemama na ngoma nyingine. Alijua alilolifuata. Vikundi hivyo vilikuwa na viongozi waliotiiwa, sare zilizotambulikana, na desturi ya kusaidiana: aliyefiwa alichangiwa, na mwenye harusi hali kadhalika. Kufikia Oktoba 1955 wanawake wapatao 5,000 walikwisha kuingia chamani. Haikuwa sauti yake peke yake iliyowavuta. Chama kilirithi chombo kilichokwisha kuundwa na wanawake wenyewe.

Yafaa kulinganisha habari hii na nyingine ya mbali. Mwaka 1871 wanafunzi weusi wa Chuo cha Fisk, huko Nashville, Marekani, walisafiri wakiimba nyimbo za wazee wao waliokuwa watumwa, ili kukiokoa chuo chao katika madeni. Walifaulu, na jumba la Jubilee Hall lililofunguliwa 1876 ni ushahidi. Lakini wao waliimba mbele ya wageni, na fedha ilitoka mfukoni mwa msikilizaji. Katika lelemama mwimbaji na mtoaji walikuwa mtu mmoja. Aliyetoa senti yake alikuwa na haki ya kuuliza imekwenda wapi, na wimbo ulikuwa mahali pa kuulizia.

Hapo ndipo ilipo shida ya miaka iliyofuata. Uhuru ulipatikana Desemba 1961. Mwaka 1962 uliundwa Umoja wa Wanawake, na Bibi Titi akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, kwaya za shule, za viwanda na za majeshi ziliimba kujitegemea, na mengi ziliyoyafundisha yalikuwa mema. Hata hivyo, wimbo uliokuwa wa madai ukageuka polepole kuwa wimbo wa shukrani. Mwimbishaji mwenyewe alikamatwa 1969, akashtakiwa kwa uhaini 1970, akafungwa, akasamehewa 1972. Barabara kubwa ya Dar es Salaam ina jina lake, naye alifariki mwaka 2000. Haikosi kuwa funzo kwamba aliyewafundisha wengi kuitikia alipata miaka ambayo hakuna aliyemwitikia.

Katika vijiji vya Mara, kama kwingineko Tanzania, kwaya bado huitwa siku ya kuchangia darasa au zahanati. Huimba, kapu hupita, na mgeni wa heshima hutaja ahadi yake. Desturi hii ni njema, nayo ina asili ya kujivunia. Lakini asili hiyo ilikuwa na sehemu mbili, kutoa na kuuliza. Kwaya inayoitwa kukusanya mchango na isiitwe siku ya kutoa hesabu imepewa nusu ya urithi wake. Wanawake wa 1955 walichukua yote mawili, wala hawakungoja kuruhusiwa.