Sauti za usukani: Ipi ya kuvumilia, ipi ya kusimamisha gari

MADEREVA wengi wa mijini huzoea kelele za usukani kama wanavyozoea foleni. Mlio ukianza, redio huongezwa sauti na safari huendelea. Hata hivyo, baadhi ya sauti hizo huashiria hitilafu ndogo inayorekebishwa kwa muda mfupi, na nyingine huonya kwamba kiungo kinachoshika gurudumu la mbele kinakaribia kuchomoka.

Dereva anaweza kutambua tofauti hiyo kabla ya kufika gereji. Azingatie aina ya sauti, wakati inapotokea, na iwapo hubadilika injini inapokanyagiwa mafuta au gari linapopita kwenye matuta.

Sauti ya kuvuma

Katika pawa steringi ya mafuta, iliyoanza kuuzwa katika gari la Chrysler Imperial la Marekani mwaka 1951, pampu inayozungushwa na mkanda wa injini husukuma mafuta maalumu, maarufu kama haidroliki, ili kumpunguzia dereva uzito wa usukani. Gari likivuma wakati wa kukata kona, na mvumo ukapanda pamoja na injini, dalili ya kwanza ni upungufu wa mafuta hayo au hewa iliyoingia ndani yake.

Hatua ya kwanza ni kufungua boneti na kutazama kichupa cha mafuta hayo. Yakiwa chini ya alama, yaongezwe. Yakiwa na povu, hewa imeingia. Lakini mafuta haya hayaungui kama petroli. Yakipungua, yanavuja mahali fulani: kwenye mipira, kwenye pampu au kwenye raki ya usukani. Kuongeza kila wiki bila kutafuta uvujaji ni kuiua pampu polepole.

Aina ya mafuta ifuate kitabu cha gari au maandishi ya kwenye kifuniko. Mafuta ya breki yasitiwe kamwe, kwani huharibu sili za mfumo huo.

Ili kutoa hewa, magurudumu ya mbele huinuliwa, injini ikiwa imezimwa, kisha usukani huzungushwa taratibu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine mara kadhaa huku mafuta yakiongezwa, mpaka mapovu yaishe. Baadaye injini huwashwa na zoezi hurudiwa.

Mlio mkali na sauti ya kukwaruza

Mlio mkali unaosikika gari linapowashwa, au usukani unapofikishwa mwisho, mara nyingi hutokana na mkanda uliolegea au uliochakaa. Kuukaza au kuubadilisha hutosha. Aidha, si vyema kuushikilia usukani ukiwa mwisho kwa zaidi ya sekunde chache, kwa sababu mafuta hupata joto kali na pampu huchoka.

Sauti ya kukwaruza usukani unapozungushwa gari likiwa limesimama huweza kutoka kwenye beringi ya juu ya shokapu au boljointi iliyokauka grisi. Mlio wa "ta-ta-ta" gari linapokata kona likiwa katika mwendo hutokana zaidi na sivi jointi, hasa mpira wake ukiwa umechanika na grisi kumwagika.

Sauti ya kugonga

Sauti ya kutochezewa ni ya kugonga. Ikisikika kwenye mashimo na matuta, huku usukani ukiwa umelegea au gari likivutia upande mmoja, wa kushukiwa ni tairodi endi na boljointi. Tairodi endi ikichomoka, gurudumu halifuati tena usukani. Boljointi ikichomoka, gurudumu huweza kulala chini gari likiwa barabarani.

Ukaguzi wake ni rahisi. Gari liegeshwe mahali tambarare, breki ya mkono ivutwe, magurudumu ya nyuma yawekewe vizuizi, na sehemu ya mbele iinuliwe kwa jeki na kukalishwa juu ya stendi imara. Asiingie mtu chini ya gari linaloshikiliwa na jeki pekee. Gurudumu lishikwe kushoto na kulia, kisha litikiswe: likicheza, kasoro huwa kwenye tairodi au raki. Lishikwe juu na chini: likicheza, kasoro huwa kwenye boljointi au beringi.

Likicheza waziwazi, gari lisiendeshwe hata hadi gereji ya jirani. Fundi aitwe au livutwe. Baada ya kubadilisha tairodi endi, magurudumu yapimwe mwelekeo wake, vinginevyo matairi mapya yataliwa upande mmoja.

Magari ya usukani wa umeme

Magari mengi madogo ya miaka ya karibuni hutumia mota ya umeme, mfumo ulioingia sokoni na Suzuki Cervo ya Japani mwaka 1988. Haya hayana pampu, mkanda wala haidroliki ya usukani, hivyo fundi anayedai fedha za mafuta hayo aulizwe atayatia wapi. Kelele zake hutoka kwenye mota, viungo vya mhimili wa usukani au vyuma vya chini, na taa ya onyo kwenye dashibodi isipuuzwe.

Kwa gari lolote, dereva amwonyeshe fundi sauti yenyewe kwa kuendesha naye mwendo mfupi kabla ya kununua kipuri. Pampu mpya haiponyi boljointi iliyokwisha, na anayekosea hapo hulipa mara mbili huku hatari ikibaki palepale.