Chuo cha Kurudi Nyumbani

Mjomba wangu ni mwashi. Katika kijiji chake cha Kasulu, ukiuliza nani alijenga nyumba ile yenye baraza, au stoo ile ya kahawa, mara nyingi utatajiwa jina lake. Miaka michache iliyopita palikuwa na ujenzi wa madarasa si mbali na kwake. Akaenda kuomba kazi, mwiko na timazi vikiwa ndani ya mfuko wa salfeti. Kijana aliyekuwa akiandikisha mafundi alimwamkia kwa adabu, kisha akamwomba cheti. Mjomba hakuwa nacho. Akarudi nyumbani.

Aliponisimulia hakuwa na hasira. Aliniambia tu, "Mpwa wangu, sisi tulifundishwa kujenga. Hatukufundishwa kubeba karatasi."

Nilikuwa nimekuja likizo kutoka chuo kikuu. Sisi ni watu wa Kitahana, Kibondo, lakini tangu utotoni likizo zetu tulikwenda kwa wajomba Kasulu. Katika begi langu mlikuwa na bahasha ya kaki yenye vyeti vyangu vyote, tangu kidato cha nne hadi shahada ya kwanza, maana nilihitaji kuvipiga nakala mjini. Niliona aibu ambayo sikuweza kuieleza. Ndipo nikaanza kumuuliza habari za chuo chake.

Chuo hicho ni Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Kasulu, ambacho wengi wetu tunakiita FDC. Ili kuelewa kwa nini fundi aliyesoma huko miaka miwili alitoka bila cheti cha kumpa ajira, inabidi kuanza mbali kidogo, kwa babu.

Babu alikuwa manamba. Nchi ya Buha, kuanzia Kasulu mpaka Kibondo, ilikuwa mojawapo ya sehemu zilizotegemewa kutoa vibarua wa mashamba ya mkonge. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, iliyojulikana kama SILABU. Waha wengi walipelekwa Tanga. Kila mmoja alipewa kipande, kadi ya siku 30 za kazi, na kila siku iliyokamilika ilitiwa alama. Babu alikwenda akiwa kijana, akarudi na blanketi, baiskeli na kikohozi.

Kuhamishwa hakukuwa jambo geni kwa wazee wetu. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwakusanya watu wa huku katika makazi maalumu kwa sababu ya malale. Baada ya uhuru, mwaka 1972, Operesheni Kigoma iliwahamishia watu katika vijiji vipya, kabla zoezi hilo halijaenea nchi nzima. Kwa hiyo mtu wa umri wa babu angeweza kuhamishwa kwa ajili ya mbung'o, kwa ajili ya mkonge, na kwa ajili ya ujamaa, yote katika maisha yake mwenyewe.

Katika hali hiyo vikaja vyuo vya maendeleo ya wananchi. Wazo lenyewe lilitoka Skandinavia. Mchungaji wa Denmark, N. F. S. Grundtvig, aliamini kwamba mkulima anastahili shule ya kumpanua akili bila kumwandama kwa mitihani, na shule ya kwanza ya namna hiyo ilifunguliwa Rødding mwaka 1844. Sweden ikafuata mwaka 1868. Mwalimu Nyerere alipoziona shule hizo Sweden alivutiwa nazo, na kuanzia mwaka 1975, kwa msaada wa Sweden, Tanzania ikaanza kuanzisha zake. Zilifika zaidi ya 50. Tayari mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Nyerere alikuwa amelalamika kwamba elimu tuliyorithi inawatenga vijana na jamii zao na kuwafanya waitumikie mitihani. Vyuo hivi vilikusudiwa kuwa kinyume chake.

Jambo lililonigusa zaidi ni namna ya kuchagua wanafunzi. Kijiji ndicho kilichopendekeza mtu. Mjomba alipendekezwa katika mkutano wa kijiji mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hakuwa na alama za kumshinda mtu yeyote. Kijiji kilitaka mwashi, naye alikuwa kijana asiye mvivu. Angesoma, halafu angerudi. Basi cheti cha nini, ikiwa waliomtuma ndio hao hao watakaompa kazi?

Akisimulia maisha ya chuoni, sauti yake inabadilika. Asubuhi usafi na bustani, kisha karakana. Waseremala upande mmoja na randa zao, washonaji upande mwingine. Jioni masomo ya siasa, mpira au ngoma. Wanafunzi walikuwa watu wazima, wengine wameoa, na baadhi ya akina mama walikuja na watoto. Waashi walijifunza kuunga matofali kwa udongo badala ya saruji, ili ukuta uweze kubomolewa baada ya kukaguliwa. "Unajenga kona siku mbili," anasema, "mwalimu anaipima kwa timazi, anatikisa kichwa, mnabomoa. Kesho mnaanza upya na matofali yale yale."

Lakini nchi iliyomtuma chuoni haikubaki ile aliyoahidiwa. Uchumi uliyumba baada ya Vita vya Kagera. Kijiji kilichotaka mwashi hakikuwa na fedha ya kumlipa. Msaada wa Sweden kwa vyuo hivi ulikoma katika miaka ya 1990. Vyuo vilikwisha kutolewa Wizara ya Elimu na kuwekwa chini ya wizara ya maendeleo ya jamii, na havikurudishwa huko hadi mwaka 2017. Wakati huohuo sheria ya mwaka 1994 ilianzisha VETA, na soko la ajira likazoea kuuliza fundi ana ngazi ya ngapi. Hatimaye vyuo vyenyewe vikaanza kufundisha kwa mitaala ya VETA, mitihani na vyeti vikiwemo.

Nilikuwa tayari kuandika kwamba hapo ndipo wazo zuri lilipokufa. Binti wa mjomba akanizuia.

Yeye alipata ujauzito akiwa kidato cha pili, wakati ambapo hakukuwa na njia ya kurudi darasani. Ruhusa ya wasichana waliojifungua kurudi shuleni ilitangazwa Novemba 2021, lakini alikwisha kukata tamaa ya sare. Akajiunga na FDC kupitia mpango wa Elimu Haina Mwisho, unaowapokea wasichana kama yeye. Alisoma ushonaji, na mwanawe alikuwa na mahali pa kulelewa wakati mama yuko darasani. Sasa anataka kwenda Mwanza. Baba yake alipomuuliza kijiji kimepata nini, alijibu taratibu: "Baba, kijiji hakikunituma. Nilijituma mwenyewe."

Nimelifikiria sana jibu hilo. Chuo cha kurudi nyumbani kilimheshimu mkulima, lakini pia kilimkatia shauri mapema kwamba hatahitaji kwenda kwingine. Mtu asiye na karatasi hawezi kuhama kwa hiari. Anaweza kuhamishwa tu. Binamu yangu ni wa kwanza katika ukoo wetu kupanga safari yake mwenyewe akiwa na ujuzi unaotambulika popote. Siwezi kumwonea huruma kwa hilo, wala siwezi kumlaumu.

Hata hivyo siwezi kukubali kwamba mjomba si fundi. Yeye naye hakukubali. VETA ina utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunza nje ya mfumo rasmi, na mwaka jana, baada ya binti yake kumsihi kwa miezi, alijiandikisha. Nilimsindikiza. Aliambiwa ajenge kona. Aliyempima alikuwa msichana wa umri wangu, mwenye pima maji mpya, na alimwita "baba" kila alipomuuliza swali.

Alipima kona mara mbili, akaandika, akatabasamu. Kisha akaomba radhi kwamba ukuta utabomolewa, maana kundi jingine linasubiri matofali.

Mjomba alicheka. Akavua koti, akaanza kuyatoa moja moja kutoka juu, akiyafuta udongo na kuyapanga pembeni kwa ajili ya anayefuata.