Wazazi Wangu Walienda Lamu Bila Sisi

Wasee, hii stori imenikaa moyoni tangu likizo ya Agosti. Mamangu na babangu, wakulima wa mpunga hapa Hewani, waliamua kwenda Lamu, walale usiku mbili, warudi. Wao wawili tu. Wadogo zangu watatu tukaachwa nao, mimi na nyanya.

Kabla Mama hajafika barabarani alikuwa ameulizwa na watu wanne: "Na watoto umewaachia nani?" Baba alikuwa amesimama hapo hapo na begi mkononi. Hakuna aliyemuuliza. Ni kama sisi tulizaliwa na mtu mmoja. Mama alicheka tu, lakini namjua, ile ni cheko ya kumeza kitu.

Na kulikuwa na swali lingine chini kwa chini: mkulima wa Hewani anaenda kutafuta nini Lamu? Lamu ni ya watalii, ya wazungu na watu wa Nairobi wa kupiga picha na punda. Hapo ndipo mimi nakataa. Ukitoka Hewani ukashika barabara ya Witu, historia ya Lamu inaanza kabla hujaona bahari.

Anza na mto wenyewe. Tunajua Tana inaingia baharini Kipini, si ndiyo? Zamani haikuwa hivyo. Mdomo wake ulikuwa kusini zaidi. Karne ya 19, enzi za utawala wa Witu, watu walichimba mfereji unaoitwa Belezoni, wakaunganisha Tana na mto Ozi, ndio mitumbwi ya mizigo ifike Kipini bila kuzunguka baharini. Mafuriko yakaja, mto ukaona njia ni poa, ukahama nayo. Yaani maji yanayopita kwetu leo yanafuata njia iliyochimbwa na watu kwa majembe, kwa ajili ya biashara iliyoishia Lamu.

Halafu Witu. Sisi tunaijua kama mahali matatu inasimama ununue maembe. Kumbe palikuwa na sultani. Ahmed Fumo Luti, wakimwita Simba, alikuwa wa ukoo wa Nabahani, watawala wa Pate. Alishindwa na nguvu za Sultani wa Zanzibar, akaingia bara, akajenga mji wake msituni. Waliomkimbilia walikuwa nani? Wengi walikuwa watumwa waliotoroka mashamba ya pwani. Waliitwa watoro. Waliotoka kwa bwana wao usiku, wakaingia msitu huu tunaoupita tukisinzia.

Mwaka wa 1885 Witu ikawekwa chini ya ulinzi wa Wajerumani. Mwaka wa 1890 Berlin na London wakabadilishana: Ujerumani ikapata kisiwa cha Heligoland kule Bahari ya Kaskazini, Uingereza ikapata Witu na kuachiwa Zanzibar. Hakuna aliyemuuliza mtu wa Witu. Mwaka huo huo Mjerumani mmoja, Küntzel, na wenzake wakauawa pale, na mwezi wa Oktoba jeshi la majini la Uingereza, chini ya Admirali Fremantle, likaingia na kuuchoma mji. Ndio maana leo ukishuka Witu kutafuta jumba la sultani utaonyeshwa kichaka.

Baba alitaka washuke. Mama akamwambia, "Baba watoto, mimi nimekuja kupumzika, sijaja kufanya mtihani." Hawakushuka.

Wakafika Mokowe, wakapanda boti, wakaingia Lamu jua likishuka. Mama anasema kitu cha kwanza alichosikia ni kimya. Hakuna anayemwita. Vichochoro ni vyembamba mpaka punda akija unajibana ukutani. Nyumba za mawe ya matumbawe, milango ya kuchongwa, daka mbele ambapo mgeni anakaa kabla hajakaribishwa, na ndani ukuta umejaa zidaka za kuwekea vyombo vya kauri. Mji huu uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka wa 2001, na kusema kweli unastahili.

Siku ya pili wakaenda ngomeni. Ilianza kujengwa karibu mwaka wa 1813, baada ya vita vya Shela, kwa msaada wa Waomani, ikamalizika karibu 1821. Baadaye ikawa jela, mpaka 1984. Kijana aliyewatembeza alikuwa mzuri, ana heshima, "karibu mzee, karibu mama". Lakini alisimulia milango, sultani, majahazi, na mara tatu akawaita "wageni wetu kutoka bara".

Baba akauliza, "Mwanangu, hawa wenye milango walikula nini?"

Kijana akanyamaza kidogo. Halafu, na hapa nampa heshima yake, akajibu sawa. Nafaka ilitoka mashamba ya bara, ng'ambo ya maji. Walioyalima wengi walikuwa watumwa. Utumwa haukufutwa kisheria huku kwetu mpaka 1907. Akasema hilo watu huwa hawaulizi, wanauliza punda ni bei gani.

Mimi naona hilo ndilo tatizo la hii Lamu tunayouziwa kwenye simu. Mlango unapigwa picha elfu moja, na aliyelima mpaka mlango ukanunuliwa hana hata kibao. Si kwamba milango isipendwe. Mimi mwenyewe naitaka hiyo picha. Lakini mtu wa Tana akiingia mji ule asiitwe mgeni haraka hivyo. Na asijiite.

Jioni hiyo Mama alimwambia Baba imetosha, ngome amemaliza. Wakakaa ukingoni mwa bahari wakala mkate wa mofa, wakatazama majahazi. Waliongea nini? Nimeuliza, nikaambiwa nishike adabu yangu. Ninachojua ni kwamba wameoana miaka ishirini na mbili na ilikuwa mara yao ya kwanza kula bila kukatia mtoto nyama.

Walirudi Jumapili na halua kwenye kikapu. Jirani akaja kusalimia, akamuuliza Mama kama watoto hawakusumbua.

"Muulize baba yao," Mama akasema, akaingia ndani kuvua viatu.