Milimita Mbili

Kwenye ukuta wa gereji ya mjomba, Lyamkena, kulikuwa na picha moja tu, iliyokatwa gazetini: Peugeot 404 iliyojaa tope mpaka vioo. Ilikuwa gari ya Bert Shankland, Mskoti aliyeishi Tanzania, ambaye pamoja na Chris Rothwell alishinda Safari Rally mwaka 1966, wakarudia 1967.

Mbio hizo zilianza 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kati ya 1963 na 1968, 404 ilizishinda mara nne. Ndiyo maana hata miaka ya tisini mwenye pikapu ya 404 hapa kwetu aliamini ana gari la mashindano, ingawa kazi yake ilikuwa kubeba viazi.

Mteja mmoja alitaka injini "ya rali". Hedi ikachongwa ili mgandamizo upande, ikafungwa kamshafti inayofungua valvu zaidi. Yote mawili huzisogeza valvu karibu na pistoni. Hatari iko pale pistoni inapofika juu ikimalizia kusukuma moshi: valvu ya kutoa moshi haijafunga bado, na ya kuingiza hewa imeshaanza kufunguka.

Mjomba alikuwa na kipimo chake. Alibandika udongo wa kuchezea watoto juu ya pistoni, akaupaka oili usinate, akafunga hedi na gasketi yake, akaseti valvu, kisha akazungusha krankshafti kwa mkono mizunguko miwili kamili. Akifungua, aliukata udongo kwa wembe na kupima palipobaki pembamba kuliko pote. Milimita mbili kwa valvu ya hewa. Mbili na nusu kwa ya moshi, kwa kuwa hiyo hupata joto zaidi na kurefuka. Pakipungua hapo, hafungi injini.

Siku ile mjomba alikuwa msibani, na mteja amenisimamia kichwani. Nilizungusha krankshafti kwa mkono, haikugota popote, nikaona yatosha. Udongo niliuacha koponi. Sikujua kwamba injini ikienda kasi sana springi huchelewa kuirudisha valvu, na pistoni huikuta njiani.

Injini ilikatika mlimani, njia ya Njombe. Valvu mbili zilipinda, pistoni ikatoboka. Msimu wa viazi ukampita mwenye gari, na mjomba akauza ng'ombe ili amlipe.

Hakunigombeza. Alinisogeza mbele ya picha.

"Mjomba," aliniambia, maana huitana hivyo pande zote mbili, "dereva unamwona. Aliyepima injini unamwona?"

Sikumwona. Tangu hapo kila nikisoma habari za Safari humtafuta mtu huyo, na mara nyingi jina lake halipo.

Gereji sasa ni yangu. Udongo naununua Makambako, duka la vifaa vya shule. Muuzaji hudhani nina watoto wengi.