Tiba ya kuunguza moyo: Jinsi hatari zake zinavyoepukwa

MOYO unapopoteza mdundo wake wa kawaida na kuanza kupapatika, dawa ndizo hutangulia. Zikishindwa, daktari anaweza kupitisha mirija myembamba iitwayo katheta katika mshipa wa kinena hadi moyoni, kisha akaunguza sehemu ndogo za misuli zinazozua ishara potovu za umeme. Binadamu walianza kutibiwa kwa katheta namna hii mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchini Marekani. Matumizi yake yalipanuka sana baada ya 1998, Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, walipoonyesha kwamba mpapatiko wa vyumba vya juu vya moyo mara nyingi huchochewa kutoka kwenye mishipa inayoleta damu kutoka mapafuni.

Wagonjwa wengi hurudi nyumbani bila matata. Hata hivyo, kazi yenyewe ni ya kutumia moto ndani ya kiungo kinachodunda, chenye ukuta wa unene wa milimita chache tu.

Hatari ya kwanza ni damu kuganda na kusababisha kiharusi. Kabla ya kuanza, madaktari huchunguza kwa picha iwapo kuna bonge la damu katika kifuko cha chumba cha juu cha kushoto. Likionekana, shughuli huahirishwa. Zamani wagonjwa waliachishwa warfarini siku kadhaa kabla ya tiba. Utafiti uitwao COMPARE, uliochapishwa mwaka wa 2014, ulibainisha kuwa walioendelea kuimeza bila kukatiza walipatwa na kiharusi kwa nadra kuliko walioachishwa. Wakati wa tiba hutolewa heparini, na damu hupimwa mara kwa mara ili muda wake wa kuganda uzidi sekunde 300. Dawa hizo huendelea kwa angalau miezi miwili baadaye, hata mdundo ukiwa umetulia.

Ila damu iliyozuiwa kuganda huvuja kwa urahisi. Katheta ikitoboa ukuta wa moyo, damu hujaa katika mfuko unaouzingira na kuubana hadi ushindwe kutanuka. Shinikizo la damu hushuka ghafla, na dakika chache huamua uhai. Ndiposa katheta za kisasa hupima nguvu inayotumika kuugusa ukuta, na mashine ya ultrasaundi huongoza sindano inapovuka kutoka upande wa kulia wa moyo hadi wa kushoto. Chumba kisicho na mashine hiyo, pamoja na sindano ya kufyonza damu iliyo tayari, hakifai kwa kazi hii. Ultrasaundi iyo hiyo husaidia pia kuchoma mshipa wa kinena bila kuugusa mshipa mkuu ulio kando yake.

Tatizo la kutisha zaidi hujitokeza mgonjwa akiwa ameshatoka hospitalini. Umio, yaani njia ya chakula, hupita nyuma kabisa ya chumba cha juu cha kushoto. Joto likipenya, kidonda huweza kuchimbika polepole hadi tundu liunganishe umio na moyo. Visa vya kwanza viliripotiwa mwaka wa 2004. Utafiti wa kimataifa wa POTTER-AF, uliochapishwa mwaka wa 2023, ulichunguza tiba zaidi ya 550,000 na kupata visa 138, sawa na asilimia 0.025. Ni nadra, lakini takriban thuluthi mbili ya waliopatwa walifariki.

Ili kuliepuka, daktari hupunguza nguvu na muda wa kuunguza ukuta wa nyuma, na wengi huweka kipimajoto ndani ya umio. Dawa za kupunguza asidi tumboni hutolewa kwa wiki kadhaa.

Dalili huonekana kwa kawaida kati ya wiki ya kwanza na ya sita: homa, maumivu ya kifua, ugumu wa kumeza, au dalili za kiharusi. Kwa Wakenya wanaosafiri hadi nchi kama India kutibiwa moyo, hapa pana mtego. Homa ya wiki ya tatu inaweza kudhaniwa kuwa malaria na daktari asiyejua kilichofanyika ng'ambo. Kosa jingine ni kupitisha kamera kooni, kwa kuwa hewa inayopulizwa huweza kuingia moyoni na kufika ubongoni. Kipimo kinachofaa ni picha ya CT ya kifua, na tiba ni upasuaji wa haraka. Barua ya hospitali inayoeleza tiba iliyotolewa haipasi kubaki kwenye sanduku la nguo.

Mbinu mpya hutumia mipigo mifupi ya umeme badala ya joto, nayo hutoboa seli za misuli ya moyo huku umio ukidhurika kidogo sana. Ripoti ya mwaka wa 2024 kuhusu wagonjwa zaidi ya 17,000 haikutaja hata tundu moja la umio. Mipigo hiyo, hata hivyo, hupasua baadhi ya chembe nyekundu za damu, na mabaki yake huweza kuumiza figo. Kwa hivyo idadi ya mipigo hudhibitiwa, na mgonjwa hutiliwa maji ya kutosha mshipani.