Mwanakemia anayesaka umeme katika joto linalopotea

KATIKA kila injini ya gari, tanuri la saruji na mtambo wa umeme, sehemu kubwa ya nishati hupotea hewani kama joto. Kugeuza joto hilo kuwa umeme, bila mashine inayozunguka, ni kazi ambayo imemshughulisha mwanakemia Mercouri Kanatzidis kwa miongo kadhaa.

Kanatzidis alizaliwa mwaka wa 1957 mjini Thessaloniki, Ugiriki. Alipata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, mwaka wa 1984. Alifunza katika Chuo Kikuu cha Michigan State kuanzia 1987 hadi 2006, alipohamia Northwestern, jimbo la Illinois.

Kwamba tofauti ya joto baina ya ncha mbili huweza kuzaa umeme lilibainishwa na Thomas Seebeck mnamo 1821. Ugumu ni kuwa kitu kifaacho sharti kipitishe umeme kwa wepesi huku kikizuia joto, ilhali sifa hizo mbili kwa kawaida huandamana. Ubora wake hupimwa kwa kipimo kiitwacho ZT, ambacho kwa miaka mingi hakikupita 1 kwa kiasi kikubwa.

Mnamo 2004, kundi la Kanatzidis lilitangaza mchanganyiko wa fedha, risasi, antimoni na teluriamu uliofikia takriban 2.2. Mwaka wa 2014, yeye na Li-Dong Zhao walitangaza fuwele ya bati na seleniamu iliyofikia 2.6 katika nyuzijoto 650.

Hata hivyo, fuwele hiyo huvunjika upesi. Isitoshe, ilipotengenezwa kwa unga ulioshindiliwa, ilipitisha joto kupita kiasi, na matokeo ya awali yakatiliwa shaka. Jibu lilipatikana mwaka wa 2021, kwa ushirikiano na In Chung wa Seoul: utando mwembamba wa kutu ya bati uliozifunika chembe ndio uliopitisha joto. Ulipoondolewa, unga huo ulifikia takriban 3.1, na kuipiku hata fuwele yenyewe.

Ustadi huo wa kukuza fuwele safi ulizaa matunda kwingine pia. Vifaa vya germaniamu, vinavyosifika kwa kutambua miale ya gama, sharti vipozwe sana, mara nyingi kwa naitrojeni ya majimaji. Mnamo 2013, kundi lake liliwasilisha fuwele ya seziamu, risasi na bromini inayonasa miale hiyo bila kupozwa. Kufikia 2021, iliweza kupima nguvu za miale ya seziamu-137 kwa usahihi wa asilimia 1.4. Uwezo wa aina hiyo huhitajika hospitalini, na pia mipakani ili kubaini madini ya nyuklia yanayosafirishwa kwa magendo.

Hata hivyo, mafanikio ya maabara si tamati. Risasi ni sumu, na kifaa cha kuzalisha umeme sharti kistahimili joto kali kwa miaka mingi ndipo kiaminiwe viwandani.